Baiskeli ya Mtu

Mzee Mita alirudi nyumbani akiiburuta baiskeli yake kama mtu anayemkokota mlevi. Fremu ilikuwa imekatika chini ya siti, gurudumu la nyuma limelala upande, na suruali ya mzee ilikuwa imeloa damu gotini. Binti yake alikuwa uani anaanua nguo. Aliziacha kwenye kamba akamkimbilia.

"Umeanguka wapi, baba?"

"Mimi sijaanguka, mama. Baiskeli ndiyo imeanguka. Mimi nilikuwa juu yake tu."

Akacheka mwenyewe, na binti yake akacheka naye, maana vicheko vya baba vilikuwa vimeadimika nyumbani humo. Halafu akamkalisha, akampandisha suruali, akamwosha goti kwa maji ya uvuguvugu. Mzee alikuwa anaitazama baiskeli muda wote, imeegemea ukuta na kiuno chake kimevunjika.

"Itakwenda kwa fundi lini?" aliuliza.

"Kesho nitaipeleka."

"Umpe fundi mzuri. Siyo hawa wa kubahatisha."

Kazi yake ya maisha yote ilikuwa kusoma mita za maji. Alizunguka mitaa kwa baiskeli hiyo hiyo ya kijani, akaingia kwenye nyua za watu, akachuchumaa, akafuta kioo cha mita kwa kitambaa, akasoma, akatoka. Ndiyo maana watu wakamwita Mzee Mita, na binti yake, aliyerudi kuishi naye mama yake alipofariki, wakamwita Binti Mita. Binti huyo alikuwa mtu mzima, mwenye mvi zake mbili tatu, anafanya kazi ya kupiga pasi shuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Lakini baba yake alimwita "mama" tangu alipozaliwa, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa mzee, na ndivyo alivyomwita mpaka siku hizo.

Kusahau kulianza kama mzaha. Alitafuta miwani akiwa ameivaa. Akamwaga chumvi kwenye chai, akainywa, akasema chai ya leo ina afya. Baadaye mzaha ukaisha. Alianza kuuliza mkewe amekwenda wapi mpaka saa hizo. Alifungua mabomba ya maji yote ya nyumba, akasimama kuyasikiliza, kisha akasahau kuyafunga. Daktari pale hospitali alimwambia Binti Mita kwa sauti ya upole kwamba ugonjwa huo hauna dawa ya kuurudisha nyuma, kilichopo ni kumwangalia tu. Binti Mita akamshukuru, akateremka ngazi, akaenda kuendelea na shuka zake. Kumwangalia kwa macho yapi, wakati yeye anaingia kazini asubuhi na kutoka alasiri?

Kitu kimoja ndicho kilichomsaidia, nacho kilikuwa baiskeli. Mzee akipanda juu yake, miguu ilikumbuka yote ambayo kichwa kilisahau. Alikuwa anazunguka njia yake ya zamani: anapita sokoni, anapanda mpaka kwenye tangi la maji, anavuka daraja dogo, anateremka na barabara ya shule, adhuhuri yuko nyumbani. Akizubaa kwenye njia panda, muuza magazeti au mtu yeyote aliyeiona ile baiskeli ya kijani alimpigia kelele, "Mzee Mita, nyumbani ni huko!" Naye anapiga kengele, anashukuru, anageuka.

Binti Mita aliwahi kujaribu njia nyingine kabla ya hapo. Siku moja alimfungia ndani, akaenda kazini roho ikiwa mkononi. Aliporudi, jirani yake, Mama Pacha, alikuwa amekaa barazani kwake akilia. Mzee alikuwa ameshinda anagonga mlango taratibu kutoka ndani, kwa adabu, akisema, "Jamani, samahani, kuna mtu hapo? Nimefungiwa kwa bahati mbaya." Hakuwahi kumfungia tena.

Sasa baiskeli ilikuwa imekatika.

Fundi baiskeli wa pale karibu na mashine ya kusaga aliitwa Spoki, kwa sababu alikuwa mwembamba kama spoki ya gurudumu. Aliigeuza baiskeli juu chini, akazungusha gurudumu, akapitisha kidole kwenye bomba la fremu lilipokatika.

"Dada, nikwambie ukweli au nikwambie unachotaka kusikia?"

"Niambie ukweli, fundi."

"Hapa palishachomelewa. Angalia. Na hapa chini pia palichomelewa, zamani. Chuma kimekuwa kama biskuti. Nikichomelea leo, kitashika, mzee ataondoka anapiga kengele. Halafu kitakatika pembeni ya nilipochomelea. Lini, sijui. Inaweza kuwa mwezi ujao, inaweza kuwa kesho yuko kwenye mteremko wa tangi."

Binti Mita aliuona ule mteremko. Aliuona vizuri kuliko alivyotaka.

"Sasa tufanyeje?"

"Nina nyingine hapa, imetumika lakini nzima." Akaitoa nyuma ya banda. Ilikuwa nyeusi, rimu zimenyooka, cheni haina kutu. "Niachie hiyo yenu nitoe spea, uongeze kidogo, uondoke na hii. Kama ni baba yangu, ningefanya hivyo."

"Hatapanda. Namjua. Ataikataa."

"Mtu hukataa siku mbili, dada. Ya tatu anazoea."

Aliomba apewe nafasi ya kufikiri. Alifikiri akiwa njiani, akafikiri akiwa kazini, mvuke wa pasi ukimpiga usoni. Mwenzake wa kukunja shuka alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kubeba chumba kizima. Walikuwa wanashika shuka huku na huku, wanalivuta, wanakutana katikati, wanaachana, na mazungumzo yao yalikuwa yanakwenda kwa mwendo huo huo.

"Tengeneza ya zamani," alisema mwenzake walipokutana. "Mzee wako haijui nyingine."

Wakaachana, wakavuta.

"Na ikikatika yuko juu?"

Wakakutana. "Basi nunua hiyo nyeusi."

"Na akikataa kuipanda?"

"Basi usinunue yoyote, akae nyumbani."

"Akae na nani?"

Mwenzake alikutanisha pembe za shuka. "Wewe shoga yangu," alisema, "una swali, mimi sina jibu. Lete shuka jingine."

Binti Mita alimpigia simu kaka yake, aliyekuwa anaishi mbali, na ambaye kila mwisho wa simu aliahidi kuja. Kaka hakuhitaji muda wa kufikiri. "Baiskeli ni baiskeli, dada. Mnunulie hiyo nzima. Baba akianguka na hilo gofu, utajisamehe?" Kaka mwenyewe hakuulizwa kama angejisamehe. Binti Mita akataka kumwambia njoo basi ukae naye japo wiki moja uone, lakini salio likaisha, au kaka akakata, hakujua.

Na kusema kweli hakuamua. Siku ya tatu Spoki alimpigia akiwa kazini, akamwambia kuna mteja amesimama pale anaitaka ile nyeusi, atoe jibu sasa hivi. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni anamkodolea macho kwa sababu ya simu. Shuka lilikuwa kwenye pasi na limeanza kutoa harufu. "Haya, naichukua," alisema, akakata, akalinyanyua shuka kabla halijaungua. Ndivyo jambo lilivyoisha. Jioni akaenda na kuirudisha nyumbani ile nyeusi, akiisukuma, akijifunza maneno ya kusema.

Mzee alitoka nje kuipokea. Aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Nzuri," alisema. "Ya nani?"

"Yako, baba."

"Yangu iko kwa fundi."

"Ile imeharibika kabisa, baba. Haitengenezeki. Nimekununulia hii."

"Aa." Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa habari za familia ya watu wengine. "Ni nzuri. Mwenyewe atakuja kuichukua saa ngapi?"

Alimweleza tena. Akamweleza wakati wa kula, na asubuhi alipokuwa anamfunga vifungo vya shati. Kila mara mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia "sawa, mama", na mara baada ya kuitikia akauliza ya nani. Binti Mita akaenda kazini.

Saa tano hivi msimamizi alimwita kwenye simu ya ofisi. Ilikuwa polisi, kile kituo kidogo cha sokoni. Mzee alikuwa amefika pale na baiskeli nyeusi, hakuipanda, aliisukuma, baada ya kupita geti moja hadi jingine njia yake yote akiuliza nani kapoteza. Hakumpata mwenyewe, kwa hiyo akaipeleka polisi.

Askari aliyekuwa zamu hakujua acheke au akasirike. "Dada, mzee anasema ameokota baiskeli. Nikamwambia asante, acha hapa. Kakataa kuondoka mpaka nimwandikie kwamba hakuiiba. Mfukoni tumekuta namba ya hospitali."

Binti Mita alipofika kituoni, mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo umenyooka, kofia juu ya goti. Alipomwona binti yake akasimama.

"Mama, waambie. Wewe unanijua. Nimeingia nyumba za watu miaka yote hiyo. Milango wazi, vyombo vya watu, nguo za watu kwenye kamba, fedha mezani. Niliwahi kugusa kitu cha mtu?"

"Hujawahi, baba."

"Basi waambie."

Akawaambia. Aliwaambia askari wawili na mwanamke mmoja aliyekuja kulalamikia mbuzi, kwamba baba yake hajawahi kugusa kitu cha mtu. Askari akatoa heshima, kwa dhati kabisa, akasema, "Tumeelewa, mzee wetu. Wewe ni mwaminifu." Halafu akamnong'oneza binti, "Lakini baiskeli mwondoke nayo. Hapa sina pa kuiweka."

Wakarudi nayo nyumbani, na mzee akatembea nyuma yake hatua kadhaa, ili watu wasidhani wako pamoja.

Siku mbili zikapita, zikapita tatu, na hakuizoea. Alikuwa anaamka anaikuta imeegemea ukuta, uso unamshuka. "Bado hawajaja kuichukua?" Akaacha kula vizuri. Mama Pacha, ambaye aliahidi kumtupia jicho kila alipomaliza kuwalisha watoto wake, alisema mzee anashinda amekaa mlangoni analinda ile baiskeli, mtu akipita anasimama kueleza kwamba siyo yake.

Binti Mita akapiga moyo konde, akarudi kwa Spoki.

"Fundi, nirudishie ile ya kijani. Chomelea, funga kwa waya, fanya unavyojua. Hata asipoipanda. Aione tu."

Spoki aliweka spana chini. Akafuta mikono, akaifuta tena, ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Dada, ungekuja juzi."

Magurudumu aliyafunga kwenye baiskeli ya muuza mikate. Usukani ulikwenda kwa mtu wa mbali. Fremu aliichukua mnunuzi wa vyuma chakavu, na gari la vyuma lilishaondoka. Spoki alipekua chini ya meza yake, akatoa kengele, na siti ya ngozi iliyochakaa, ambayo hakuna mteja aliyeitaka.

"Hivi ndivyo vilivyobaki," alisema. "Lakini ngoja, usikate tamaa. Nitaweka siti yake na kengele yake kwenye hii nyeusi, halafu naipaka rangi ya kijani. Ataikalia ile siti, atajua. Makalio hayasahau, dada, nisamehe kwa lugha yangu."

Binti Mita alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Spoki alifanya kazi ile kwa moyo, na hakutaka malipo. Alipiga rangi mara mbili, akasubiri ikauke, akafunga siti, akafunga kengele upande ule ule wa kushoto. Baiskeli ikatoka kijani inayong'aa. Kwa mbali, kama umefumba jicho moja, ilikuwa yenyewe.

Mzee aliisikia kengele kabla hajaiona. Alitoka mbio, kandambili moja ikabaki ndani. Uso wake ulifunguka kama zamani. Mzee akaigusa kengele. Akaigusa siti, akapitisha kiganja pale ngozi ilipochanika. Halafu macho yake yakashuka kwenye fremu, yakafuata bomba moja baada ya jingine, yakarudi kwenye kengele. Ule uso ukafunga.

"Wameiua," alisema polepole. "Wameiua baiskeli yangu, wakachukua kengele yake wakaiweka kwenye ya mtu."

"Baba..."

"Na siti. Mama, angalia, na siti pia. Nani kafanya hivi?"

Aliyefanya hivyo alikuwa amesimama mbele yake, ameshika usukani.

Tangu siku hiyo mzee alianza kutoka kwa miguu. Alikuwa anaitafuta baiskeli yake. Na kwa miguu alikuwa mzee kama wazee wengine, mwenye kofia kama kofia nyingine, hakuna aliyemwona kwa mbali akapiga kelele za "nyumbani ni huko". Mara ya kwanza walimkuta nyuma ya shule. Mara ya pili alipotea mpaka jua likataka kuzama, Binti Mita akazunguka njia yote akiuliza, "Mmemwona Mzee Mita?" na watu wanamuuliza nao, "Amepita na baiskeli?" Walimkuta kwenye tangi la maji, amekaa kwenye saruji, viatu ameviweka pembeni vizuri kana kwamba ameingia nyumbani kwa mtu. Binti Mita alimwomba msimamizi likizo. Msimamizi alimsikitikia, akamwambia hilo liko juu ya uwezo wake, wagonjwa hawawezi kulala bila shuka. Na ni kweli, hawawezi. Mama Pacha akachukua saa za asubuhi. Za mchana hakuwepo wa kuzichukua.

Siku moja alasiri Binti Mita alitoka kazini moja kwa moja, hajavua hata kile kitambaa cheupe cha kichwani cha chumba cha kufulia. Alipopinda kona akamwona baba yake mlangoni, na moyo ukamtulia kidogo kwa kumwona tu. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti, baiskeli ya kijani mbele yake, ametoka kuifuta mpaka spoki. Kitambaa kilikuwa mkononi. Alimwona anakuja, akasimama, akavua kofia.

"Karibu, bibie," alisema. "Bila shaka umefuata baiskeli yako."

Binti Mita akasimama pale alipofika. Baba yake hakuwahi kumwita bibie. Akamtazama machoni amtafute, na macho yale yalimtazama kwa upole, kwa adabu, kama yalivyokuwa yanawatazama wenye nyumba wote mlangoni mwao.

Angeweza kusema, "Ni mimi, baba." Alikuwa na maneno hayo mdomoni, alishayasema mara nyingi. Lakini aliiona mikono ya mzee inavyobana kile kitambaa. Aliona alivyokuwa anangoja.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Nimeifuata."

"Ooh!" Mzee alishusha pumzi ndefu mpaka mabega yakaanguka. "Ashukuriwe Mungu. Nimekaa na wasiwasi, bibie. Watu wangesema nimeiiba. Nimeitunza, unaona? Sikuipanda hata siku moja. Breki ya nyuma imelegea kidogo, mwambie fundi aikaze. Na hii kengele siyo yako, lakini chukua tu, mimi sina tena pa kuifunga."

"Asante, mzee. Mungu akubariki."

"Sasa usichelewe njiani. Una wazazi?"

"Nina baba."

"Basi wahi. Atakuwa anakungoja."

Akaigeuza baiskeli, akaisukuma. Nyuma yake mzee alimpungia kofia mpaka alipopinda kona. Alikwenda nayo mpaka uani kwa Mama Pacha, akaiegemeza kwenye ukuta wa jiko. Alilia akiwa amesimama, ameshika siti. Mama Pacha alitoka na mtoto mgongoni, akataka kuuliza, akaacha. Alimletea maji kwenye kikombe. Binti Mita akanywa, akanawa uso kwa yaliyobaki, akavua kile kitambaa cha kazini, akakitia mfukoni.

"Ikae hapa," alisema.

"Mpaka lini?"

"Sijui, jirani yangu. Ikae tu."

Akarudi nyumbani kwa njia ya uani. Mzee alikuwa ndani, amewasha taa ingawa bado kulikuwa na mwanga, anatembea huku na huku chumbani kwa furaha. Alipomwona alinyoosha mikono yote miwili.

"Mama! Umerudi! Ungewahi kidogo tu ungemkuta. Mwenyewe kaja kuichukua."

"Kweli, baba?"

"Kaja. Mtu mwema sana. Kashukuru vizuri, hakunifikiria vibaya hata kidogo." Akaketi, akakunja kile kitambaa, akakiweka juu ya goti. Halafu wingu likamwingia usoni. "Lakini alikuwa na shida yule. Nilimwona machoni. Ungekuwepo, ungempa hata chai."

Binti Mita akaenda kuwasha jiko, akateleka maji. Alikaa amempa mgongo, anaangalia sufuria.

"Mama," baba yake aliita.

"Abee, baba."

"Na yangu? Fundi kasema itatoka lini?"

Maji yalikuwa bado hayajaanza kuchemka.

"Kesho, baba," alisema.